Ombi la Ng'ambo Lianzie Nyumbani

Arusha ni mji unaoishi na wageni. Mkataba ulioifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapa mwaka 1999, na makao makuu ya Jumuiya yako hapa hadi leo. Kwa takribani miaka 20, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilileta hapa majaji na mawakili wa kila bara. Watalii nao hupita kila siku katika barabara ya Moshi, kando ya Tengeru, Makumira na Usa River, eneo lenye vyuo vikuu vyetu. Kijana aliyekulia kando ya barabara hiyo amewaona watu wa dunia nzima tangu akiwa mdogo. Akifika mwaka wa mwisho chuoni, ni haki yake kuuliza na yeye atakwenda lini.

Nimelipanga suala hili kuwa mjadala kwa sababu ndivyo linavyozungumzwa majumbani. Ndani ya familia moja utakuta misimamo minne au mitano inayopingana, na kila mmoja una uzito wake. Sauti zilizomo humu si za watu fulani; nimezitunga ili kila hoja ipate mtetezi wa kweli. Tuchukue ni Jumapili baada ya ibada, huko Akheri. Anayetaka kuomba ni Binti, aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kemia katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Waliokaa naye ni Mama, mkulima anayeuza ndizi sokoni Tengeru. Kaka, mhitimu ambaye hadi sasa hana ajira ya kudumu. Babu, aliyekuwa mtoto wakati Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki. Na Mwalimu, jirani yao, mhadhiri aliyesoma ng'ambo akarudi.

Kwa nini uende?

BINTI: Shikamoo Babu. Shikamoo Mwalimu. Sitawazungusha. Nataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili nje ya nchi, katika masuala ya maji, Ulaya ikiwezekana. Nimesoma kemia kwa miaka mitatu, na kuna vipimo ninavyovijua kwa kuandika tu. Mashine zake sijawahi kuzigusa. Nataka nikazitumie kwa mikono yangu.

MAMA: Mwanangu, mimi kemia siijui. Lakini Jumatano na Jumamosi nikiwa sokoni, najua chuo cha Nelson Mandela kiko jirani, na wapo wanaotoka nchi nyingine kuja kusoma pale. Wenzako wanakuja, wewe unaondoka. Nieleweshe.

MWALIMU: Swali la mama lisipitwe haraka. Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na inafundisha uzamili na uzamivu tu. Ina vituo viwili vya umahiri vilivyoanzishwa chini ya mradi wa Benki ya Dunia, na kimoja kinahusu maji na nishati. Anayetaka kusoma mambo ya maji hawezi kusema Arusha hakuna pa kusomea. Anachotakiwa kueleza ni kitu gani anakitafuta ambacho hapa hatakipata.

BINTI: Sijapakataa, Mwalimu. Naweza kuomba pale na kwingine pia. Lakini wewe mwenyewe ulitoka. Wengi waliotufundisha walitoka. Kwa nini kwetu iwe tamaa?

MWALIMU: Sijasema ni tamaa. Mtazame Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, katika mkoa wetu huu. Alikwenda Korea Kusini akapata uzamivu wa uhandisi kemikali katika Chuo Kikuu cha Hanyang, akarudi kufundisha hapo Nelson Mandela. Akabuni chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na teknolojia ya nano, ambalo hutengenezwa kulingana na uchafu unaopatikana katika maji ya mahali husika. Mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, akazawadiwa pauni 25,000. Utaalamu aliupata Korea. Tatizo alikuwa nalo tangu utotoni, maana kijijini kwao maji machafu yaliwaumiza watu.

KAKA: Mwalimu, kwa heshima zote, mtu mmoja si sheria. Wapo waliorudi na vyeti vizuri kuliko vyangu, na leo tunakaa nao kijiweni tukisubiri tangazo la kazi. Hao hawapewi tuzo, kwa hiyo hawatajwi.

MWALIMU: Ni kweli, na sitaki tuwasahau. Tutawarudia.

Gharama kabla ya safari

KAKA: Basi tuzungumze fedha, maana hapo ndipo ndoto nyingi hufia. Pasipoti ni shilingi 150,000. Ongeza mtihani wa Kiingereza, nakala za vyeti zilizothibitishwa, nauli za Dar es Salaam kwenda ubalozini, na ada ya viza. Ujerumani anayejilipia anatakiwa aonyeshe euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka mmoja, kwenye akaunti maalumu inayomruhusu kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Hapa nyumbani tuna kile kipande cha shamba cha chini. Kikiuzwa, labda tutafika nusu.

MAMA: Hicho kipande hakiuzwi. Migomba ile ndiyo iliyowasomesha ninyi wawili.

BABU: Ngojeni niseme kuhusu ardhi. Mwaka 1951 nilikuwa mtoto. Serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wetu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akatumwa New York kwenye Umoja wa Mataifa, akiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Fikirieni safari ile wakati ule! Hakurudi na ardhi mkononi. Lakini dunia ilisikia jina la Meru, na Tanganyika nzima ikajifunza kwamba mkoloni anaweza kushtakiwa.

KAKA: Kwa hiyo unasema tuchange, Babu?

BABU: Nasema kwanza sikilizeni alivyokwenda. Hakutumwa kutazama majengo ya New York. Alikwenda na shauri moja, analijua mwanzo mpaka mwisho, na waliochanga walilijua pia. Mtu akiniambia anataka kwenda ng'ambo, mimi simuulizi nchi. Namuuliza: shauri lako ni lipi? Mjukuu wangu, nakuuliza na wewe.

BINTI: Nimesema ni maji, Babu.

BABU: Maji ni mengi. Utanijibu kabla jua halijazama.

MWALIMU: Wakati anatafuta jibu, niseme kuhusu fedha. Ile akaunti ya Ujerumani inamhusu anayejilipia. Aliyepata ufadhili kamili huonyesha barua ya ufadhili. Upo mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus Mundus, ambamo mwanafunzi wa uzamili husoma katika vyuo vya nchi mbili au zaidi. Aliyefadhiliwa halipi ada, na hupewa euro 1,400 kila mwezi. Zipo nafasi za DAAD za Ujerumani, za Chevening na za Jumuiya ya Madola kwa Uingereza, za serikali ya China, za Uturuki. Familia yenye shamba dogo isiingie kwenye njia ya kujilipia wakati hizi nyingine haijazigusa.

BINTI: Na mtihani wa Kiingereza?

MWALIMU: Usikimbilie kuulipia. Vyuo kadhaa hukubali barua ya chuo chako inayothibitisha kuwa ulifundishwa kwa Kiingereza. Soma masharti ya kila kozi, kisha uandike barua pepe na kuuliza. Pasipoti yenyewe itafute mapema, kwa sababu fomu nyingi zinataka namba yake, na Uhamiaji watataka kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa. Jina likiandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye cheti cha kidato cha nne, lirekebishe sasa. Herufi moja iliyokosewa inaweza kukuchelewesha mwaka mzima.

Wakala wa mjini

KAKA: Kuna wakala mjini, upande wa Mnara wa Saa, anasema ukimpa fedha anashughulikia kila kitu: chuo, viza, mpaka barua ya maombi anakuandikia.

MWALIMU: Mwulizeni kitu kimoja: amesajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? TCU ndiyo inayowatambua mawakala wanaopeleka wanafunzi nje, na mtu anaweza kuhakiki jina. Pia ndiyo inayotambua shahada zilizopatikana nje. Ukisoma chuo ambacho hakitambuliki, utarudi na karatasi ambayo mwajiri hataipokea, na fedha haitarudi.

KAKA: Wapo waliofika China na India kupitia mawakala, na wamesoma vizuri.

MWALIMU: Wapo, na wakala aliyesajiliwa anafanya kazi halali. Ila elewa anacholipwa. Mara nyingi hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka, kwa hiyo atakuelekeza kwenye vyuo anavyofanya navyo kazi. Ufadhili mkubwa niliotaja hauuzwi na mtu yeyote. Kuomba Chevening ni bure. Kuomba Erasmus Mundus ni bure. Anayekudai fedha ili jina lako lipite kwenye ufadhili, huyo anakuibia. Na asiyekujua akikuandikia barua ya maombi, itafanana na mia nyingine alizoandika wiki hiyo, na wasomaji wa barua hizo wanatambua.

MAMA: Hapo nimeelewa. Hata sokoni, mtu akikataa kukuonyesha mzani, unaondoka.

Hofu ya mzazi

MAMA: Lakini fedha si hofu yangu kubwa. Mnakumbuka Oktoba 7, 2023. Vijana wetu wawili, Clemence Mtenga wa Kilimanjaro na Joshua Mollel wa Manyara, walikuwa Israel kwa mafunzo ya vitendo ya kilimo. Hawakwenda vitani. Walikwenda kujifunza kazi kwenye mashamba, na waliuawa. Mikoa yao inapakana na wetu. Nami leo naombwa kubariki safari kama hiyo. Nani atanihakikishia?

MWALIMU: Hakuna, mama. Nikikuambia nchi fulani ni salama kabisa, nitakuwa nakudanganya. Wanafunzi wetu waliokuwa Ukraine Februari 2022 walilala wakiwa wanafunzi, wakaamka wanatafuta njia ya kufika mpakani. Walipoondoka nyumbani, Ukraine ilisifiwa kwa shahada za udaktari zenye ada nafuu.

BINTI: Mama, hata hapa barabara ya Moshi inaua. Nikikaa nyumbani kwa hofu, hofu itanifuata jikoni.

MAMA: Usinijibu hivyo. Barabara ya Moshi ikikuumiza, nitafika hospitali kwa bodaboda. Huko nitafikaje?

BINTI: Nisamehe, mama.

MWALIMU: Mama anadai kitu ambacho tunaweza kumpa japo kwa sehemu: taarifa. Kabla ya kukubali nafasi, ajue mwanawe atalala wapi, bima inalipia nini, nani atampokea, ubalozi wa Tanzania unaohusika na nchi hiyo uko mji gani. Mwanafunzi akifika ajiandikishe ubalozini wiki ya kwanza. Awatafute Watanzania waliopo, maana jumuiya zao zipo katika miji mingi. Mzazi apewe namba ya mtu wa chuo, siyo ya mwanawe tu. Mwanafunzi akiona hayo ni usumbufu, basi hajawa tayari kusafiri.

MAMA: Yaandike hayo kwenye karatasi, uyaweke hapa nyumbani. Sijasema nimekubali.

Kurudi au kubaki huko

KAKA: Sasa niseme ambacho kila mtu anakizunguka. Akienda, mimi namshauri asirudi haraka. Mnaniona mimi. Nimesoma, nimeomba kazi kila mahali. Akipata kazi Ujerumani, mshahara wake utawasomesha wadogo zetu na kujenga nyumba ya mama. Kurudi ili iweje?

BABU: Mwaka huohuo aliokwenda Kirilo New York, Nyerere alirudi kutoka Edinburgh. Alikuwa huko tangu 1949. Angeweza kukaa.

KAKA: Nyerere alirudi akapata kazi ya kufundisha Pugu, Babu. Wasomi walikuwa wachache, kila aliyerudi alikuta kiti kinamsubiri. Leo tuko wengi na viti ni vilevile.

BABU: Umesema kweli kuhusu viti. Lakini Nyerere huyohuyo, mwaka 1964, alipouzungumzia Mpango wa Maendeleo bungeni, aliwafananisha waliosomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula. Akila asirudi, amewasaliti waliobaki na njaa. Mimi huo mfano sijaupatia jibu.

BINTI: Ninalo swali juu yake, Babu. Nikifadhiliwa na Wazungu, nimekula chakula cha kijiji kipi?

BABU: Nani alijenga shule uliyosoma? Nani aliwalipa walimu wako? Na huko chuoni umelipiwa na nani?

BINTI: Bodi ya Mikopo.

BABU: Na Bodi inapata wapi?

BINTI: Kwa Watanzania. Nimeelewa, Babu. Deni ninalo.

KAKA: Deni lake linalipika kwa fedha. Sheria inataka mwajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara. Akiwa na mshahara wa huko atalimaliza mapema kuliko mimi ambaye hata sijaanza. Na mtu aliye nje anaweza kuijenga nchi kwa fedha, kwa kufungulia wengine nafasi, kwa utafiti. Msimlazimishe kuja kukaa bure ili tu tumwone.

MWALIMU: Hoja ya Kaka ina nguvu, na anayeipinga kwa hasira huwa hajakaa bila kazi. Nitaijibu kwa mambo mawili. La kwanza, baadhi ya fadhili hazikupi uhuru huo. Chevening inakutaka urudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili, na anayetia saini huku akipanga kuvunja ahadi anawafungia njia wanaofuata. La pili, si kila tatizo lina mtu mwingine wa kulishughulikia. Dunia ina wahandisi wengi wa simu. Wanaoyajua maji ya Meru ni wachache, na hakuna pa kuwapata isipokuwa hapa. Ila na serikali isikie: ukimrudisha mtaalamu kwenye maabara isiyo na kemikali, umemrudisha kukaa bure. Wajibu wa kurudi unakwenda pamoja na wajibu wa kumpokea.

KAKA: Hapo mwisho ndipo ninapotaka pasemwe kwa sauti.

Barua yenyewe

MWALIMU: Binti, tusomee barua uliyoiandika.

BINTI: Inaanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma katika chuo chenye hadhi ya kimataifa, na ninaamini nchi yenu nzuri itanisaidia kutimiza malengo yangu."

MWALIMU: Futa. Sentensi hiyo angeweza kuiandika mtu yeyote wa nchi yoyote kwenda chuo chochote. Anayeisoma ana maombi mengi mezani, na anatafuta jambo moja: huyu anataka kujua nini, na kwa nini hapa kwetu? Babu alikuuliza mapema kuliko wao. Mama, hebu tuambie kuhusu maji ya huku.

MAMA: Maji ya huku hayafanani. Yapo ya chemchemi za juu, karibu na msitu, hayo ni mazuri. Ukishuka kuelekea Maji ya Chai na Ngurdoto, watoto meno yanakuwa ya kahawia, na wapo wazee mifupa imekakamaa. Mtu akicheka tu, mimi naweza kukuambia amekulia upande gani.

MWALIMU: Kinachofanya hivyo ni madini ya floraidi. Meru ni mlima wa volkano, na miamba yake huyaachia madini hayo kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuzunguka mlima huu kuna vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuyaondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: maji yanapita kwenye mkaa, floraidi inanaswa.

MAMA: Huo mkaa naujua. Jirani yetu mmoja alikuwa na ndoo yake. Miaka imepita, mkaa ni uleule, wanaendelea kunywa. Niliwauliza utachoka lini, hawakujua. Maji hayabadiliki rangi wala ladha.

BINTI: Mama, rudia.

MAMA: Nimesema maji hayabadiliki. Mkaa ukichoka, utajuaje?

BINTI: Huwezi kujua bila kipimo, na kipimo kiko maabara. Mwanamke aliye Ngurdoto hawezi kupeleka chupa ya maji maabara kila mwezi... Mwalimu, hilo ndilo! Kipimo cha bei ndogo ambacho mtu wa kawaida ataweka kwenye ndoo yake, kikamwambia mkaa umekwisha nguvu. Hiyo ni kemia. Naweza kuisoma hiyo.

BABU: Sasa una shauri.

MWALIMU: Na sasa maswali mengine yote yanapata jibu. Usitafute nchi. Tafuta nani duniani anayetengeneza vipimo vidogo vya madini kwenye maji. Huko alipo ndiko utakakoomba. Soma kazi yake, mwandikie barua fupi. Mweleze ulichokiona Ngurdoto na unachotaka kujua. Anza na watafiti wa hapa Tengeru, kwa sababu chuo cha nje kitakuuliza umefanya nini mpaka sasa. Fadhili nyingi, Chevening ikiwemo, zinataka uwe umefanya kazi kwa miaka miwili, na nafasi kadhaa za DAAD ni vivyo hivyo. Kwa hizo, mwaka wa mwisho chuoni bado ni mapema. Tumia muda huo kwenye mamlaka ya maji, hata kwa kujitolea, ukichukua sampuli na kuweka kumbukumbu. Erasmus Mundus haikudai uzoefu wa kazi, na kozi zake nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Hiyo unaweza kuomba mwaka huu.

BINTI: Na barua za wahadhiri?

MWALIMU: Waombe walau miezi miwili kabla, na uwapelekee barua yako ya maombi waisome. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu hakukumbuki kwa jina. Atakukumbuka kwa swali lako.

MAMA: Akienda kwa ajili ya hilo la mkaa, mimi sitamzuia. Lakini ile karatasi ya namba za simu bado naitaka, na shamba haliuzwi.

KAKA: Na mimi msimamo wangu haujabadilika kuhusu kurudi. Ila nakubali kitu kimoja: akiwa na swali kama hilo, hata akikaa huko miaka kumi, akili yake itakuwa inafanya kazi ya hapa.

Neno la mwandishi

Katika mjadala huu nasimama na Babu. Vijana wetu wengi huanza na nchi, wakahamia kwenye wakala, wakaishia kuandika barua ya kumsifia mwenyeji. Mpangilio huo unaigharimu familia fedha, na unampa mwanafunzi ombi dhaifu. Anayeanza na jambo analolijua, ambalo limewaumiza watu anaowafahamu kwa majina, ana silaha ambayo mwombaji wa Berlin au Beijing hana. Pia ana sababu ya kurudi isiyohitaji kulazimishwa na mkataba wowote.

Kaka hajashindwa. Mpaka maabara zetu, mamlaka zetu za maji na vyuo vyetu viwe na nafasi na vifaa kwa wanaorudi, hoja yake itabaki imesimama, na kuwahubiria vijana uzalendo hakutaiangusha. Wanaopanga bajeti ya elimu na utafiti ndio wanaodaiwa jibu.

Kwa wazazi: msiuze ardhi kabla hamjaona majibu ya fadhili zinazoombwa bure, na msimlipe wakala ambaye jina lake hamjalihakiki TCU. Kwa vyuo vyetu: mwanafunzi anapoomba nakala ya matokeo na barua ya mhadhiri, apewe kwa wakati, kwa sababu tarehe ya mwisho ya maombi haimsubiri mtu aliye likizo. Na kwako mwanafunzi unayekusudia kuomba mwaka huu: kabla hujafungua fomu yoyote, kaa na mama yako au babu yako, uwaulize ni jambo gani hapo kijijini lililowashinda kwa miaka mingi. Liandike jibu lao. Hapo ndipo ombi lako linapoanzia.